Nauli ya Kurudi

Karibu tena, Bwana Lelei. Nyanyua mikono nikupekue.
Koti ni lile lile la mavuno ya mwaka juzi,
ila kifungo cha tatu kimehama.
Najua umeuza mahindi: viatu vina vumbi la Moiben
na unatembea kama mtu aliyeficha mayai kifuani.

Mimi ni bawabu tu, sijui karata.
Lakini miaka tisa nimesimama mlangoni hapa Westlands,
na mlango hufundisha:
wanaoingia hutanguliza kifua,
wanaotoka hutazama viatu.

Basi sikiliza, maana huu si ugeni wako wa kwanza,
na ni mgeni wa kwanza tu anayesamehewa ujinga.

Kula kabla hujaja. Ile supu ya saa sita usiku, wanayoiita ya bure,
nimemwona mtu akiilipia kwa trekta.
Ndani hakuna saa ukutani, usiitafute.
Keti mahali unapouona mlango;
taa za Barabara ya Waiyaki zikizimwa
nitakohoa mara mbili.

Mashine ya kona, ile ya picha za matikiti,
usiingoje ati imekula sana na lazima itapike.
Mashine haina tumbo.
Nekesa wa meza ya gurudumu akikuchekea, mchekee pia.
Yuko kazini, ana mtoto darasa la sita na mgongo unaomuuma.
Kicheko chake si ubashiri.

Wala usikimbilie kiti cha safari ile
kwa kuwa kilikupa elfu arobaini.
Kiti hakikukumbuki. Mimi nakukumbuka:
ulitoka ukiniita ndugu, ukaninunulia soda,
ukarudi ndani kabla povu halijashuka.

Na simu ya mkeo ikilia, usije nje kumwambia uko hospitali.
Nimewasikia wagonjwa wengi wakiuguzwa kwenye ngazi hizi.

Sasa lile jambo letu.
Kila ujapo hunipa nauli ya kurudi Eldoret,
elfu moja na mia tano, imekunjwa ndani ya bahasha ya dawa,
ukaniambia: hata nikilia, usinipe mpaka kupambazuke.
Umelia. Februari ulipiga magoti pale penye chungu cha maua,
ukaniita mwizi, ukamtaja na mama yangu.
Nikahesabu magari.
Asubuhi ulinishika mkono kwa mikono miwili.

Lakini Agosti, Bwana Lelei,
ile Agosti ya manyunyu,
ulipokuwa ndani nami nikiwa kwenye saa yangu ya chai,
nilipita kichochoroni nyuma ya soko
penye ile mashine ndogo inayomeza sarafu za ishirini.
Nilijiambia: mia tu.
Nauli yako haikuiona saa nane.
Nikakopa kwa simu, nikazikunja noti katika bahasha ile ile,
nawe ukanishukuru, kwa mikono miwili.
Deni nimelimaliza. Shukrani ile bado nailipia riba.

Kwa hiyo usiniachie mimi tena.
Vuka barabara. Pale penye jiko na mayai ya kuchemsha
yuko Mama Kwamboka. Bahati haijui, anajua trei:
mayai thelathini, yakiisha yameisha.
Na changu anacho tangu Agosti. Mshahara ukiingia nampelekea,
naye hunipa kidogo kidogo, asubuhi na jioni,
kama dawa.

Haya, umenisikia. Ingia.
Ngoja. Mkono wa kushoto, unyanyue.
Hapana, mfuko wa ndani.
Hii karatasi ngumu, yenye muhuri, yenye jina la marehemu baba yako
na ekari zake sita...

Bwana Lelei,
silaha haziingii humu.